Ua wa Kumsitiri Mama

Eldoret kuna baridi.

Nimeanza na hilo ili lisije likanikwama kooni, maana nimelikana kwa miaka. Nimelikana mbele ya mama yangu, mbele ya mume wangu, mbele ya jirani, na mara moja mbele ya daktari aliyekuwa akinitibu mafua. Nililikana nikiwa nimevaa masweta mawili na soksi za mume wangu. Mtu akisema, "Leo kuna baridi," nilikuwa na majibu yangu tayari: ni upepo tu, ni mvua ya jana, ni wewe hujala, na hata hivyo dunia imebadilika, joto liko njiani. Nilisoma chuo kikuu, na faida moja ya kusoma chuo kikuu ni kwamba mtu hakosi hoja hata meno yake yakiwa yanagongana.

Sikuwa mwongo kwa tabia. Nilikuwa na shida ya ua.

Nilizaliwa chini, Bonde la Kerio, ambako jua likitoka halina mzaha na mbuzi ni wengi kuliko mawe. Mama yangu bado anaishi huko, katika nyumba ile ile ya mabati, peke yake tangu baba afariki. Sisi watoto tulipanda juu mmoja mmoja kutafuta shule, kisha kazi, kisha sababu za kutorudi mara kwa mara. Halafu mwaka mmoja mama alianguka akitoka mtoni. Akakaa na goti lililovimba kama boga bila kumwambia mtu. Mimi habari nilizipata sokoni Eldoret, kutoka kwa mwanamke wa kwetu aliyekuwa akiuza maembe, ambaye aliniuliza, "Na mama aliweza kukunja mguu?" kana kwamba ninajua anazungumzia nini.

Siku hiyo niliamua kwamba mama atakuja kukaa nasi. Tuna ploti nje kidogo ya mji, upande wa kupandia Ainabkoi, na nyuma ya nyumba yetu kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo kwa miaka ilikuwa ikihifadhi magodoro na baiskeli zisizo na magurudumu. Niliisafisha, nikaipaka rangi, nikaweka meko. Kisha nikashuka bondeni kumwambia mama.

Mama alikuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza ilikuwa baridi. Aliwahi kuja Eldoret mara moja, siku ya harusi yangu, na mpaka leo anaizungumzia kama mtu aliyenusurika. "Asubuhi nilinawa uso," huwaambia wageni, "nikadhani maji yameniuma."

Pingamizi ya pili ilikuwa mkwe wake.

Hapa lazima nieleze, maana majirani zangu wa mjini hudhani kulikuwa na ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Kwetu mwanamume na mama mzazi wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja wao hupata ghafla jambo muhimu la kufanya nyuma ya kichaka. Wengi wa rika letu wameyaacha haya. Mume wangu hakuyaacha. Ni mhandisi wa maji, mtu anayewafokea makandarasi mpaka wanasahau majina yao, lakini simu ya mama ikipigwa na sauti yake ikasikika, yeye husimama, huchukua kikombe chake na kutoka sebuleni kwa ncha za vidole.

"Nikija huko," mama alisema, "mkwe asinione nikila. Na mimi nisimwone akitoka bafuni na taulo."

"Mama, nani alikwambia hutoka bafuni na taulo?"

"Wote hutoka na taulo."

Nikamwambia tutajenga ukuta kati ya nyumba yetu na nyumba yake.

"Ukuta ni wa benki," akasema. "Nipandie miti. Miti ya huku, nikiamka nijue niko wapi. Lakini usijisumbue. Hiyo baridi yenu itaiua."

"Mama, Eldoret siku hizi hakuna baridi."

Ndivyo ilivyoanza.

Mpango wangu ulikuwa mzuri sana kichwani. Ua ungetoka kwenye mlango wetu wa jikoni hadi kwenye tangi la maji, mrefu, mnene, wa miti ya nchi ya joto. Kwanza ungemsitiri mama. Pili, mama akiiona miti ya kwao imesitawi huku juu, angeelewa mwenyewe kwamba habari za baridi zimepitwa na wakati. Mimi sikuwa na haja ya kubishana naye. Miti ndiyo ingekuwa shahidi wangu.

Nikaanza kusoma. Nilisoma kwenye simu kila kitu kilichoandikwa kuhusu vichaka vya bustani za nchi za joto, makala za watu wanaoishi mahali ambapo chuma cha mlango huchoma mkono. Nikajifunza kwamba mti wenye majani madogo ya kijivu hunywa maji kidogo. Nikajifunza kwamba ua mzuri hupandwa upande wa magharibi ili ukinge jua la alasiri, na kwamba shina la mche litandaziwe nyasi kavu ili udongo usiungue. Nikajifunza kutomwagilia mchana. Mambo haya nilimweleza mume wangu kwa kirefu mezani, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Kwani shida yetu sisi ni jua?"

Alikuwa amevaa koti. Tulikuwa ndani ya nyumba.

Nilitafuta ushauri pia kwa jirani, kwa sababu za adabu tu, maana nilijua atakachosema. Jirani yangu ana duka pale kwenye kona, na sote humwita Mama Duka. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba huku zamani, na yeye katika maisha yake ameamini mambo mawili: kanisa lake na kayaba. Kayaba ni mti wa ua wenye miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia na matunda ya njano machachu kuliko limau. Ua wake wa kayaba ni mnene kiasi kwamba mpira wa watoto ukiingia humo hautoki. Kuku wake hutaga ndani, na mayai unayaona vizuri kabisa, lakini ni ya kutazama tu.

"Panda kayaba, Mwalimu," akaniambia. Huniita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha mtu. Kwake yeye, mwanamke anayeshinda nyumbani na miwani puani hawezi kuwa kitu kingine. "Kayaba haiogopi baridi, haiogopi kiangazi, haiogopi mwizi."

"Lakini ina miiba, Mama Duka."

"Sasa ulitaka umzuie mwizi na maua?"

"Si mambo ya mwizi. Ni ya heshima. Ni ua wa kukaa kati ya mama yangu na mkwe wake."

Mama Duka alifikiri kidogo. "Basi hapo ndio miiba inatakikana kabisa," akasema.

Mama naye kwa simu alikuwa na kipimo chake kimoja. Kila mti niliomtajia aliuliza swali lile lile.

"Mbuzi anakula?"

"Mama, huku hatuna mbuzi."

"Hamna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mnaishi vipi?"

Hibiskasi ilianguka mtihani huo mara moja, maana mbuzi huila kama peremende. Bogonvilia ilipita kwa shida. Lantana ilipita, kwa kuwa majani yake hunuka na mbuzi hana haja nayo. Mnyaa ulisifiwa sana, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao utomvu wake mweupe humfanya mbuzi, mtoto na mwanasiasa wote wakimbie wakishika macho. Lakini mti wa kwanza katika moyo wa mama ulikuwa waridi la jangwani, lile lenye shina nene lililofura kama chupa na maua mekundu yanayotoka hata kabla ya majani. Mama ana moja kubwa kando ya mlango wake. Alinichimbia mtoto wake, akamfunga kwa gunia, akamweka magotini mwangu garini.

"Mchunge," akasema. "Huyu ni mtoto wa yule wa mlangoni. Hajawahi kutoka nyumbani."

Miche iliyobaki niliinunua kando ya barabara kuu, Cheptiret, kwa bwana mmoja mchangamfu ambaye sijaona mfanyabiashara mwenye imani kama yake.

"Hii hibiskasi inapenda jua?" nikamuuliza.

"Sana!"

"Na baridi je? Si ati kuna baridi. Nauliza tu."

"Baridi ndiyo inapenda kabisa."

"Na kivuli?"

"Ukiiweka kivulini, mama, utashangaa."

"Na ukame?"

"Hiyo ata maji usiipee. Itakasirika."

Mtu aliyesoma angeshuku. Mimi nilinunua hibiskasi, licha ya mbuzi, nikanunua na bogonvilia na lantana, na njiani kurudi nilijisikia kama mtu aliyepewa cheti.

Tulipanda mwanzo wa mvua. Nilipanga vizuri: bogonvilia nyuma ili zipande juu, hibiskasi na lantana mbele, mnyaa mwishoni karibu na tangi, na katikati, mahali pa heshima, waridi la jangwani la mama. Nikatandaza nyasi kavu ili udongo usiungue. Udongo haukuungua. Kwa wiki kadhaa kila kitu kilikuwa kijani, hibiskasi zikatoa maua makubwa kama sahani, na mimi nikapiga picha nyingi, zote saa sita mchana, nikazituma kwa binamu yangu bondeni ili amwonyeshe mama. Mama akajibu kupitia kwake kwamba ameona. Kwa mama, "nimeona" ni sifa kubwa.

Kisha ukaja mwezi wa saba.

Asiyejua mwezi wa saba upande wetu aulize mtu wa Timboroa, kule juu zaidi yetu, atamwambia, halafu ajue kwamba sisi tunapata mabaki yake. Ukungu ulikuja asubuhi na kukaa mpaka saa nne kama mgeni asiyeona saa. Mvua ya mawe ilishuka alasiri moja ikatoboa majani ya hibiskasi mpaka yakafanana na chujio la chai. Lantana zikawa nyeusi kwenye ncha. Waridi la jangwani likaangusha majani yote kwa pamoja, na nilipoligusa shina, lile shina zuri lililofura, lilikuwa limelegea kidogo kama ndizi iliyosahauliwa.

Mama Duka alichungulia juu ya kayaba yake. "Mwalimu, hizi maua zako ni wagonjwa?"

"Zimepumzika," nikasema.

"Zimepumzika kwa amani," mume wangu akasema nyuma yangu.

Ilikuwa katika hali hiyo ndipo mama alipopiga simu na kusema yale maneno niliyoyasubiri kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Goti lilikuwa linamsumbua tena. Alikuwa amefikiri. "Mwezi wa nane nitapanda nikae wiki moja, nione huo ua na hiyo Eldoret isiyo na baridi. Nikiona ni kweli, nitahamia."

Nilifurahi, kisha nikatazama dirishani, kisha nikakaa chini.

Mti ukizidiwa na baridi, makala zile hazina la kusema, kwa sababu ziliandikwa na watu wenye joto. Nililazimika kufikiri mwenyewe. Mchana jua lilikuwa likitoka, na mchana miti ilivumilia. Usiku ndio uliokuwa ukiiua. Mtu akiwa na baridi usiku hufunikwa. Sikuona kwa nini mti usifunikwe. Mama hulala mapema. Ningeifunika miti akishalala na kuifunua kabla hajaamka, na mchana angeona bustani tu.

Magunia niliyokuwa nayo hayakutosha. Nikaenda mjini kwenye duka la mzee mmoja wa Kisomali anayeuza mablanketi na nguo za baridi, mtu mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina.

"Natafuta sweta, Mzee. La mtoto."

"Mtoto wa miaka ngapi, Mama?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Sijui miaka yake. Kimo chake ni hapa." Nikaonyesha kwenye paja. "Chini ni mnene, kama chupa. Juu anakuwa mwembamba."

Mzee alinitazama kwa makini. "Mikono ni mrefu?"

"Mikono anayo mingi," nikasema, maana nilikuwa nafikiria matawi.

Mzee akageuka, akatafuta kwenye rafu kwa muda mrefu, akaniletea sweta jekundu lenye picha ya dubu, pana chini. Akaongeza kofia ya sufu juu yake, akakataa kabisa niilipie. "Hii ni yangu kwake," akasema. "Pole sana, Mama. Inshallah atapona."

Hapo ndipo mtu mwenye dhamiri angesema ukweli. Mimi niliipokea kofia kwa mikono miwili.

Mama alifika siku ya jua. Nilitaka kuliandikia jua hilo barua ya shukrani. Alishuka garini na kibuyu cha maziwa, na shuka mbili, akivuta mguu mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye ua, akagusa majani, akavunja kijiti cha mnyaa akautazama utomvu, akanusa lantana. Mbele ya waridi la jangwani alisimama sana.

"Amekonda," akasema.

"Anazoea, Mama."

Akaketi kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake ndogo, jua likimpiga usoni, akafumba macho. Nikawaza, tumeshinda.

Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Ua wakati huo ulikuwa unamfika kiunoni. Yeye ni mtu mrefu mwenye tumbo la makamo. Alisimama upande wetu akafikiri, kisha akachuchumaa taratibu nyuma ya hibiskasi mpaka kichwa chake kikapotea.

"Karibu, Mama," sauti yake ikasema kutoka kwenye majani. "Safari ilikuwaje?"

"Nzuri, baba," mama akajibu, akiangalia tangi la maji. "Na maji mnayapata huku?"

Swali hilo kwa mhandisi wa maji ni kama kumfungulia mtu bomba. Waliongea mpaka chai ikapoa. Waliongea mabomba, mito, mfereji wa zamani kule kwetu ambao mababu waliuchonga kwenye mwamba na ambao yeye kumbe alikuwa akitaka kuuulizia tangu tuoane. Mama alicheka. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuwasikia wawili hao wakipita salamu. Ilihitaji kichaka kibovu cha kiunoni, na mtu mzima wa kuchuchumaa nyuma yake. Alipoinuka, magoti yake yalilia kama mlango wa ghala.

"Mama ni mtu wa akili sana," akaniambia ndani, akijisugua. "Huo ua urefuke upesi."

Nilivalisha miti, nikalala nikiwa na furaha. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwamba nililala vizuri. Nilikuwa chini ya mablanketi matatu, na mtu aliye chini ya mablanketi matatu Eldoret haamki kwa hiari.

Niliamshwa na sauti ya mama nje. Nilitoka mbio na kandambili moja.

Ukungu ulikuwa bado chini. Mama alikuwa amesimama katikati ya bustani, amejifunga shuka zote mbili, pumzi yake ikitoka kama moshi. Mbele yake walikuwa wamepangwa mstari: bogonvilia zimevaa magunia, lantana zimejitanda leso zangu, hibiskasi moja ina koti la mvua la mume wangu lililofungwa vifungo vyote. Katikati alisimama mtoto wa yule wa mlangoni, mfupi, mnene chini, na sweta lake la dubu, na kofia.

"Hawa ni nani?" mama akauliza.

"Mama, naweza kueleza."

"Huyu amevaa kofia."

"Ndiyo, Mama."

"Uliniambia huku hakuna baridi."

"Ni kidogo tu, na ni asubuhi tu, na kwa kweli ukisoma—"

"Mti umevaa kofia," mama akasema tena, polepole, kama mtu anayesaidia mtoto na hesabu.

Kutoka upande wa pili, juu ya ukuta wa miiba, ikaja sauti ya Mama Duka, ambaye nadhani alikuwa pale tangu alfajiri: "Kayaba haivai nguo, Mama! Karibu Eldoret!"

Mama alimaliza wiki yake. Hakugomba, ingekuwa nafuu kama angegomba. Kila jioni alizungumza na mkwe kwenye ua, na kila asubuhi alinitazama nikiivua miti nguo, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Siku ya kuondoka nilimuuliza.

"Nitafikiria," akasema.

Kwetu mtu akisema hivyo amekwisha kufikiri.

Alipoteremka, nilikaa kwenye kigoda chake nikatazama ule ua. Sikuwa nikililia hibiskasi. Nilikuwa nafikiria njia ya mtoni, mawe yake, na goti lile, na kwamba safari nyingine ningepata habari tena kwa muuza maembe. Nilikuwa nimepata nafasi moja ya kumleta mama, nikaiweka mikononi mwa kichaka. Kama ningesema tangu mwanzo, "Mama, kuna baridi, nitakununulia jiko la makaa na blanketi zuri," huenda angekuja. Lakini nilikuwa nimemwalika mahali pasipokuwepo.

Siku chache baadaye nilikwenda dukani kwa Mama Duka. Sikusema kitu. Alifungua mlango wa nyuma akanitolea miche ya kayaba iliyooteshwa kwenye pakiti za maziwa, ambayo inaonekana ilikuwa ikinisubiri kwa muda.

"Sisemi kitu, Mwalimu," akasema, na akaendelea kutosema kitu kwa nusu saa nzima, akieleza umbali wa mashimo, jinsi ya kukata ncha ili uwe mnene chini, na namna watu wengine wasivyosikia.

Nilipanda kayaba mbele ya vichaka vyangu. Lantana tatu zilikuwa zimekufa, na hibiskasi nyingi. Bogonvilia zilishangaza watu wote zikapona. Waridi la jangwani halikufa wala halikupona. Lilisimama tu na sweta lake, na mimi nikaendelea kulivalisha jioni na kulivua asubuhi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nilichunge.

Mwaka mpya ulipoingia, kiangazi kikaja. Mchana jua la Eldoret likawa kali, la kuchoma shingo, na vumbi jekundu likakaa juu ya kila jani. Mume wangu nami tulikuwa tumekaa nje karibu na mlango wa jikoni alasiri moja, simu ikalia. Alikuwa mama. Mume wangu akainuka na kikombe chake kama kawaida.

"Huko jua limefika?" mama akauliza. Hakusalimu.

"Limefika, Mama. Kuna joto kabisa."

"Wewe sikuulizi tena mambo ya joto. Mpe mkwe simu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama hajawahi kuomba kuzungumza na mkwe wake kwa simu. Nilimnyooshea mume wangu simu. Aliitazama kama nyoka. Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua. Halafu akazunguka nyuma ya bogonvilia na kuchuchumaa, ingawa mama alikuwa bondeni na hakuna mtu wa kumwona isipokuwa mimi.

"Ndiyo, Mama," nikamsikia. "Mchana ni jua, Mama. Kweli. Usiku ni baridi, lakini si ya kuua." Akasikiliza. "Mwezi wa saba? Mwezi wa saba ni mbaya sana, Mama. Hata mimi hunishinda." Akasikiliza tena. "Ndiyo. Ndiyo, ile miiba imefika hapa kwenye goti. Ndiyo, nipo nyuma yake."

Akanirudishia simu juu ya majani, bila kuinuka.

"Mkwe wangu ni mtu wa kweli," mama akaniambia. "Sasa sikiliza. Huku kumekauka, mto umebaki uzi. Baba yako na babu yako, kukikauka hivi, walipandisha mbuzi huko juu wale nyasi. Mvua ikinyesha na baridi ikija, waliwateremsha. Kila mwaka. Hakuna aliyewahi kumwambia mbuzi ahamie. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Ijumaa uje unichukue. Nitakaa mpaka mvua ianze, kisha unirudishe. Na kiangazi kingine hivyo hivyo. Mtoni mwaka huu sishuki."

Nikasema, "Sawa."

"Na yule wa kofia, mtoe udongoni umtie kwenye debe. Atakuwa akipanda nami na kushuka nami. Hiyo miiba ya jirani yako, mbuzi anakula?"

"Hali, Mama. Hakuna anayekula."

"Basi ua ni huo, ungepanda tangu mwanzo." Nikadhani amekata, lakini bado alikuwepo. "Na mwambie mkwe ainuke hapo alipochuchumaa. Nasikia magoti."